Kisanduku cha huduma ya kwanza katika nyumba ya wazee: kwa mhudumu anayeanza kazi Malindi

Siku yako ya kwanza katika nyumba ya wazee, omba uonyeshwe kisanduku cha huduma ya kwanza, kisha kifungue kwa mkono wako mwenyewe. Usitosheke kuambiwa kwamba kipo. Mara nyingi kipo kweli, kimetundikwa ukutani vizuri, lakini ndani mna chupa ya dawa ya kikohozi, vidonge vya maumivu vya mtu aliyekwisha kuhama, mkasi ulioshika kutu na plasta ambazo hazigandi tena.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kuendesha mahali pa kazi aweke kisanduku cha kiwango kilichowekwa, kifikike kwa urahisi, kiandikwe waziwazi, kisiwe na kitu chochote ila vifaa vya huduma ya kwanza, na kiwe chini ya mtu anayepatikana saa zote za kazi. Nyumba za wazee hukosea hasa katika hayo mawili ya mwisho. Dawa za kumeza hazina nafasi humo, hata za kawaida kabisa. Mahali pake ni kabati la dawa lenye kufuli, pamoja na karatasi ya kila mzee. Mzee anayemeza dawa sita kwa siku akiongezewa kidonge cha saba kutoka kisandukuni bila kuandikwa, daktari atakayemwona kesho atakuwa anakisia. Na "saa zote za kazi" kwetu ni mchana na usiku, kwa hiyo jina moja la msimamizi halitoshi. Bandika karibu na kisanduku jina la anayehusika kwa kila zamu.

Kufuli usitie. Ufunguo hukaa kwa msimamizi, na msimamizi saa tisa za usiku amelala kwake. Funga kwa kamba ya plastiki yenye namba, ile ya kukatwa mara moja. Ikikatika, inajulikana kwamba kimefunguliwa, na aliyefungua anaandika kwenye daftari tarehe, saa, namba ya kamba, alichotoa, na kwa ajili ya nani.

Sheria hiyo inawatazama hasa wafanyakazi. Wazee wana mahitaji yao ya ziada, na la kwanza ni ngozi. Ngozi ya mtu wa miaka themanini ni nyembamba kama karatasi ya kufungia sambusa. Akigonga mkono kwenye kitasa, ngozi huchanika na kujikunja upande mmoja. Plasta ya kawaida ukiibandika hapo, siku ya kuibandua itaondoka na ngozi nzima. Kwa nyumba ya wazee wapatao ishirini, juu ya vile vinavyotakiwa na kanuni, hakikisha mna angalau vitambaa vya vidonda visivyoshika (yaani visivyogandamana na kidonda) kumi vya sentimita 10 kwa 10 na kumi vidogo, bendeji za kuzungushia sita za sentimita 7.5, chupa ndogo kumi za maji ya chumvi ya kuoshea vidonda, na shashi safi pakiti kumi. Ongeza glavu zisizo za mpira wa asili jozi kumi, bendeji za pembetatu nne, vitambaa vikubwa vya kuzuia damu viwili, utepe wa karatasi, mkasi wa ncha butu usioshika kutu, kibano, na kinga ya mdomo ya kupulizia pumzi. Plasta ziwepo, lakini zijulikane kuwa ni za wafanyakazi.

Pamba na spiriti viondoeni. Pamba huacha nyuzi ndani ya kidonda, na spiriti inachoma nyama mbichi.

Ngozi ikichanika, mwambie kwanza: "Bibi, naomba nikushike mkono nikuoshe hapa palipochubuka." Asikie sauti kabla ya kuhisi mkono. Vaa glavu, bonyeza kwa shashi safi mpaka damu ikome. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, bonyeza dakika kumi hadi kumi na tano mfululizo bila kuchungulia, maana kila ukiinua unang'oa utando unaoanza kujifunga. Kisha mwagia maji ya chumvi. Lowesha shashi, na kwa kidole chako kilichovaa glavu sukuma ile ngozi iliyojikunja irudi mahali pake polepole, kama unavyotandaza chapati laini isichanike. Usiivute wala usiikate. Weka kitambaa kisichoshika, na juu yake chora mshale kwa kalamu, uanzie upande ambao ngozi bado imeshikana na mwili uelekee upande uliochanika. Atakayekibandua atafuata mshale huo, asije akaikunjua ngozi upya. Zungushia bendeji, na utepe uubandike juu ya bendeji, si juu ya mwili. Mwisho bonyeza ukucha wa kidole cha mkono huo: wekundu usiporudi ndani ya sekunde mbili hivi, umekaza mno.

Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akianguka na kugonga kichwa, hata kama anacheka na kuomba chai, apelekwe hospitali. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu kwa saa kadhaa kabla ya dalili yoyote.

Sukari iliyoshuka haitibiwi kutoka kisandukuni, lakini lazima ujue vifaa vyake viko wapi. Kipimo kikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L) na mzee anaweza kumeza, mpe vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani. Mwezi wa Ramadhani jambo hili lizungumzwe mapema na mzee, jamaa zake na daktari, kwa sababu anayefunga na sukari ikashuka chini ya 4 anatakiwa kufungua, na wengi hukataa wakiambiwa papo hapo na mhudumu kijana. Vijiti vya kupimia navyo huharibika kwa unyevu: kifuniko cha kopo kifungwe kila mara, na tarehe ya kulifungua iandikwe juu yake.

Hewa ya Malindi ni adui wa kila kilichomo. Chumvi ya bahari hula mkasi na kibano, joto huyeyusha gundi ya plasta na utepe, na mvua za masika hulowesha karatasi za pakiti. Pakiti iliyolowa kisha ikakauka si safi tena, hata kama tarehe yake ni ya miaka miwili ijayo. Kwa hiyo chagua kisanduku cha plastiki chenye mpira kwenye kifuniko. Kitundike ukuta wa ndani, kwenye ujia, mbali na bafu, jiko na dirisha linalopigwa na upepo wa kusi.

Kila mwezi kata kamba, mwaga vyote juu ya meza safi, hesabu ukilinganisha na orodha iliyobandikwa ndani ya kifuniko, fungua na kufunga mkasi, papasa kila pakiti kutafuta tundu. Vinavyokaribia kwisha muda ndani ya miezi mitatu vitie alama nyekundu na uagize vingine leo. Usiandike "sawa" bila kuhesabu. Afisa wa ukaguzi akifungua akakuta glavu jozi tatu na daftari linasema kumi, hataamini ukurasa wowote mwingine.

Jikoni wekeni kisanduku kidogo cha pili. Aliyeungua apitishiwe maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Bomba la Malindi likikauka mnahitaji ndoo iliyojaa na kata, na ndoo hiyo isifuliwe nguo.

Juu ya kisanduku bandika 999 na 112, na namba ya dereva wa tuktuk anayeamka usiku, hasa kama nyumba iko Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Kisha usiku mmoja kila mwezi zima taa, simama chumba cha mbali kabisa, na mwombe mwenzako wa zamu akuletee kisanduku. Zaidi ya dakika tatu, wekeni kingine upande huo.