Tunakwenda Chalbi, masweta ya nini?

SWALI: Mzee wa Usukani, shikamoo. Shule zikifungwa Agosti tunasafiri mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 13, kutoka Mombasa hadi Loiyangalani. Tumekodi Land Cruiser pamoja na dereva wake huko Nanyuki. Tutalala Marsabit, tukate jangwa la Chalbi, tulale kwenye hema kando ya Ziwa Turkana, kisha turudi kwa njia ya Maralal. Mume wangu ameshatoa masweta begini mara mbili; asema jangwani hakuna baridi. Watoto nao wamepakia nguo za kuogelea. Tuamulie. – Mwalimu, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yarudishe masweta, na bwana umwambie nimesema mimi.

Mji wa Marsabit uko mlimani, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ukungu hushuka mpaka barabarani. Maralal iko juu zaidi na baridi yake haina utani, hasa kwa mtu wa Kisauni. Chalbi yenyewe iko chini sana, na kwa kawaida kila ukishuka mita 1,000 joto huongezeka kwa nyuzi kama 6. Kwa hiyo siku hiyohiyo mtatoka na sweta na soksi, na adhuhuri mtakuwa mnagombea kivuli cha gari. Kila mtu awe na sweta moja nzito, shati jepesi la mikono mirefu, na kikoi au leso mbili. Leso ni shuka, ni pazia la dirisha la gari, na ni kilemba vumbi likianza.

Mimi nilianza njia hiyo nikiwa utingo wa lori la mahindi. Safari ya kwanza nilifunga mtungi wa maji juu ya matandiko, nikaona nimepanga vizuri. Kifuniko hakikuwa na mpira. Tulipofika Marsabit usiku, blanketi zote zilikuwa zinachuruzika, na dereva wangu hakusema neno. Alinitazama tu, akalala kwenye kiti na koti lake. Nilitetemeka mpaka adhana. Tangu siku hiyo maji yangu hukaa chini, yamesimama wima, na matandiko ndani ya mfuko wa plastiki.

Maji yenyewe mimi huhesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Nyinyi ni wanne, na dereva ni wa tano: kwa siku tatu ni lita 75. Chukueni mitungi minne ya lita 20, msitie yote katika pipa moja, kwani likipasuka mmekwisha. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi, msiyategemee kwa kunywa.

Loiyangalani shida si joto, ni upepo. Unabanwa kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru, na hushika kasi usiku hadi asubuhi. Si bure kwamba kusini ya hapo wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema havifai kitu. Bebeni kamba ya ziada na magunia manne matupu. Mkifika jazeni mawe, yawekeni ndani ya hema, moja kila pembe. Mawe huko hayanunuliwi.

Mawe hayohayo hukata tairi. Kabla hamjalipa salio, mwambie dereva akuonyeshe spea mbili, jeki na ubao wa kuiwekea jeki mchangani. Akicheka, tafuteni mwingine. Masanduku magumu yaacheni, bebeni mabegi laini. Viatu viwe vya kufunika vidole, maana miba ya migunga hupenya ndara. Pesa taslimu chukueni za noti ndogo. Kuna masaa mengi njiani hamtapata mtandao wa simu.

Agosti kwa kawaida ni kavu, lakini mkiwa Marsabit waulizeni madereva wa malori kama mvua imenyesha kule chini. Chalbi ikilowa ni tope la chumvi, na gari huzama mpaka ekseli. Hapo msibishane, badilisheni njia.

Nguo za kuogelea? Ziwa lile lina mamba wengi, wakubwa. Zitoe kimyakimya watoto wakilala, na nafasi hiyo uitie sweta ya baba yao.