Miaka 18, leseni mpya, nguvu za farasi 271: kijana apewe funguo?

Mzazi mmoja wa Mbezi Beach ameniandikia. Mwanawe amemaliza kidato cha sita, ametimiza miaka 18, leseni haina hata mwezi, na baba mtu ameshalipia Subaru WRX mpya kama zawadi ya kufaulu. Meli iko njiani. Mjomba wa kijana amemtuliza mama kwa kusema gari jipya lina usalama wa kila aina, kwa hiyo ni afadhali hilo kuliko Vitz kuukuu. Mama hajatulia, anauliza tunasemaje.

Tunasema asipewe. Si mwaka huu, na mwakani bado. Mjomba ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowaponza wazazi wenye uwezo.

Tuwaondoe kwanza walio chini ya miaka 18, maana hao hawana mjadala. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haiwaruhusu kuendesha gari, na dereva asiye na leseni akigonga, msitegemee bima kubwa iwatengenezee gari. Zawadi ya kidato cha nne isiwe na usukani.

Kwa aliyefikisha 18, shida ni kwamba sheria yetu haiangalii ukubwa wa injini. Aliyekabidhiwa leseni asubuhi anaweza jioni kuondoka na Mustang ya silinda nane, na trafiki akimsimamisha pale Morocco, Dar es Salaam, hana kosa la kumwandikia. Faini ya mwendo ni shilingi 30,000, fedha ambayo kwa nyumba inayonunua gari la namna hiyo haimnyimi mtu usingizi. Kwa hiyo kipimo mtajiwekea wenyewe, na kipo.

Chukua nguvu za farasi za gari, zidisha kwa 0.74 upate kilowati, kisha gawanya kwa uzito wa gari tupu kwa tani. Kwa magari yanayotoka Japani uzito huo umeandikwa kwenye cheti cha kusafirishia. Vitz ya cc 1000 inatoa kama kilowati 53 kwa tani. Mark X ya cc 2500 inakaribia 100. WRX mpya yenye nguvu za farasi 271 inavuka 130, na GR86 yenye 235 inaizidi kidogo kwa sababu ni nyepesi. Mark X ya cc 3500, ile ambayo wazazi wanaiona kama gari la mzee wa kanisa kwa kuwa ina milango minne, inafika 150. Jimbo la New South Wales kule Australia linamkataza mwenye leseni ya muda kuendesha gari linalozidi kilowati 130 kwa tani, na leseni ya muda kule huchukua kama miaka mitatu. Italia ni wakali zaidi, wao wamesimama kwenye 75. Kwa Dar es Salaam, penye bodaboda wanaotokea kushoto na kulia kwa wakati mmoja, namba ya Italia ndiyo inayotufaa kwa miaka miwili ya kwanza.

Kwa nini namba hizo zina maana? Angalieni barabara za mitaa ya Masaki au Mikocheni, kutoka tuta moja hadi jingine. Gari linalofika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde sita linafika huko kabla ya kumaliza mita 100 hivi. Vitz kufikia mwendo huo inahitaji zaidi ya mita 200, maana yake tuta la pili linaikuta bado inahema. Sasa kusimama. Dereva wa kawaida hutumia sekunde moja na nusu tangu aone hatari hadi mguu ufike kwenye breki. Kwa kilomita 50 kwa saa, gari linakuwa limeshakula mita 21 kabla breki haijaguswa, na jumla linasimama kwenye mita 35. Kwa kilomita 100 ni mita 97. Kwa 120 ni karibu 130. Haya ni kwenye lami kavu na tairi nzuri. Mwendo ukiwa mara mbili, breki inahitaji umbali mara nne, na hapo ndipo vijana wengi wanapokosea hesabu, kwa sababu wanaipima hatari kwa sauti ya injini, na gari jipya lililotengenezwa vizuri halipigi kelele. Ndani ya WRX kilomita 110 zinasikika kama 70 za daladala.

Msidanganyike na magurudumu manne ya WRX yanayosukuma yote. Hayo yanasaidia kuondoka, hayasaidii kusimama hata kidogo. Tena yanaficha utelezi: kijana anaongeza mafuta kwenye kona yenye mchanga, kwa mfano zile za kuelekea fukwe za Kigamboni, gari linatii, linatii, halafu ghafla yote manne yanaachia pamoja. GR86, Mark X nyingi na Mustang zinasukuma kwa nyuma, nazo zina tabia tofauti. Dereva akiingia konani kwa kasi, akaogopa, akatoa mguu kwenye mafuta kwa pupa, uzito unahamia mbele na nyuma inakuwa nyepesi. Mkia unazunguka. Mgeni wa usukani hukata kinyume kwa nguvu kupita kiasi, mkia unarudi upande wa pili kwa kishindo kikubwa zaidi, na huo mzunguko wa pili ndio unaompeleka kwenye nguzo.

Hapo ndipo mjomba anapokuwa na hoja. Gari jipya lina mfumo wa kuzuia mtelezo, Toyota huuita VSC na Subaru VDC, ambao hufunga breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini kabla mkia haujaondoka. Ulaya iliulazimisha kwa kila gari jipya la abiria kuanzia Novemba 2014. Ni kitu cha maana kuliko mifuko ya hewa, kwa sababu unazuia ajali yenyewe. Kwa hiyo ni kweli kwamba Altezza au Impreza ya miaka ishirini iliyopita ni mbaya zaidi kwa kijana kuliko WRX mpya. Lakini mfumo huo una kitufe cha kuuzima. Kwenye magari mengi ukikibonyeza na kukishikilia sekunde chache taa ya OFF inawaka, na kila kijana aliyeangalia video mbili za kuchoma tairi anakijua kilipo. Na hata ukiwa umewashwa, hauwezi kuipa tairi mshiko ambao haina.

Tairi. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu fedha nyingi zinatumika kwenye gari na uchoyo unaanzia kwenye tairi.

WRX inavaa 245/40R18. Hiyo 40 maana yake ukuta wa tairi ni asilimia 40 ya upana wa milimita 245, yaani kama milimita 98 tu kati ya rimu na lami. Shimo moja ambalo IST inalipita kwa kishindo, gari hili linalipita kwa kupinda rimu au kukata nyuzi za ndani, na baada ya siku chache tairi linatoa nundu ubavuni. Tairi lenye nundu halizibwi, linatupwa. Kijana akishachanika tairi moja akaona bei ya jipya, ataenda kutafuta la mtumba moja, la kampuni nyingine, lililobaki na kashata (meno ya tairi) kidogo. Kwa gari la magurudumu manne yanayosukuma huko ni kuua difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma: tofauti ya kina cha kashata kati ya tairi na tairi isizidi milimita 1.5 hivi, la sivyo difu inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka na kufa.

Soma pia maandishi ya ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita likaguliwe na fundi kila huduma, likifika kumi litoke hata kama kashata bado ipo, maana jua letu linalikausha. Herufi ya mwisho kwenye kipimo ni mwendo: T ni kilomita 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Gari la namna hii linataka V au W, siyo kwa ajili ya kukimbia mwendo huo, ila kwa kuwa tairi la herufi ya mwendo mdogo linapata joto upesi likibebeshwa injini kubwa. Upepo upimwe asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Vijana wa upepo barabarani hujaza 40 kwa kila gari. Wakatazwe.

Breki kwa kifupi: maji ya breki ya DOT 4 yanavuta unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili. Yakizeeka yanachemka kwenye matumizi makali, pedali inazama hadi chini bila gari kusimama. Pedi zikibaki milimita tatu zitoke. Petroli: fungua kifuniko cha tangi usome oktani inayotakiwa (namba ya uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila injini kugonga), kisha uliza kituoni wanauza ipi. Injini ya tabo ikinyweshwa oktani ya chini inagonga, na kompyuta ya gari inaweza kuikinga kwa kupunguza nguvu, lakini kwa kiasi tu.

Turudi kwa dereva. Sehemu ya ubongo inayozuia pupa inaendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu, na hilo halina uhusiano na alama za mtihani wala malezi ya dini. Marekani, madereva wa miaka 16 hadi 19 wanahusika na ajali za vifo karibu mara tatu kwa kila maili kuliko wenye 20 na zaidi. Mambo mawili yanaizidisha hatari hiyo kila mahali ilikopimwa: usiku, na marafiki ndani ya gari. New Zealand ilianza mwaka 1987 kutoa leseni kwa hatua kwa sababu hizo hizo. Kwetu usiku una vyake vya ziada. Lori limeharibika Kimara bila taa, alama yake ni matawi ya mti yaliyotupwa lami, na ukiyaona kwa kilomita 110 umeshachelewa. Bodaboda bila taa ya nyuma. Mwenda kwa miguu anayevuka njia ya mwendokasi mahali pasipo na zebra. Na pale Daraja la Tanzanite saa saba za usiku, barabara tupu, rafiki kwenye kiti cha nyuma ana simu mkononi anarekodi, hakuna mtoto wa mtu atakayeendesha kilomita 50.

Basi afanyeje? Miezi sita ya kwanza aendeshe gari dogo la nyumbani, chini ya kilowati 75 kwa tani, lakini lenye mfumo wa kuzuia mtelezo. Mtaujua hivi: swichi ikifunguliwa kabla ya kuwasha injini, taa yenye picha ya gari na mistari ya nyoka inawaka kisha inazima. Isipowaka kabisa, ama mfumo haupo ama kuna mtu ameichomoa taa. Asibebe rika lake zaidi ya mmoja, na saa nne usiku awe ndani. Mtu mzima akae pembeni kwenye mvua za kwanza za vuli, maana lami iliyokaa na oili miezi mingi huteleza kuliko wakati wa masika ya katikati.

Afundishwe breki ya dharura, kitu ambacho shule nyingi za udereva hazigusi. Tafuteni uwanja mpana uliofungwa, ombeni ruhusa, afike kilomita 40, akanyage hadi mwisho na ashikilie. Pedali itatetemeka na kupiga kelele. Hiyo ndiyo ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi, na wengi wakiisikia mara ya kwanza huachia mguu, jambo ambalo ndilo kosa lenyewe. Arudie hadi mguu usiogope, kisha apande hadi 60, kisha abadili njia huku amekanyaga.

Miezi sita ya pili afungiwe kifaa cha GPS chenye kutuma ujumbe akizidi kilomita 80. Ataona mnamdhalilisha. Na aone. Mwaka wa pili aanze kukalia kiti cha dereva cha gari kubwa akiwa na mzazi, mchana, kitufe cha VDC hakiguswi.

Na WRX iliyo melini? Msiirudishe, mtapata hasara bure. Kadi iandikwe jina la baba, funguo zote mbili ziwe kwake, na kabla ya kusaini bima kubwa msome kifungu cha dereva mchanga, maana mara nyingi kiasi cha kujilipia wenyewe kinapanda kwa mwenye umri mdogo au leseni changa. Likiachwa limeegeshwa, betri inaweza kuisha ndani ya wiki chache kwa sababu ya alamu na kompyuta, na kuliwasha dakika tano kisha kulizima kunaacha maji kwenye egzosi. Liendeshwe nusu saa kila wiki. Tena injini mpya ya Subaru inataka kilomita 1,600 za kwanza bila kuvuka mizunguko 4,000, bila kuvuta kwa mwendo mmoja safari nzima, na bila breki kali pasipo dharura. Kazi hiyo ya kulilainisha gari ni ya baba, na akiifanya kwenda na kurudi kazini tu atakuwa nayo kwa miezi.