Uso wa fuwele usubiri kwanza

Wanafunzi wa fizikia hapa Dodoma huniuliza kama mtu anaweza kuchunguza elektroni za usoni mwa fuwele za kitopolojia (ambazo ndani ni kihami lakini usoni hupitisha umeme) bila maabara kubwa. Anaweza. Mashine za kupima elektroni hizo kwa mwanga zinataka ombwe safi mno na fuwele iliyopasuliwa humohumo, na hilo usilitafute Chimwaga, hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Lakini Quantum ESPRESSO ni programu ya bure ya kukokotoa hali za elektroni, na laptopu yenye Linux inatosha kuanzia.

Chagua teluraidi ya bati, SnTe. Mwaka 2011 mwanafizikia Liang Fu alionyesha kwamba ulinganifu wa fuwele wenyewe unaweza kuzilinda hali za elektroni usoni. Mwaka 2012 SnTe ikatabiriwa, kisha majaribio yakathibitisha. Atomi zake zimepangika kama za chumvi ya mezani, na seli ya msingi ina atomi mbili tu. Mashine yako haitalia.

Sasa shika breki. Wengi hukimbilia uso, wakati siri imo ndani. Washa mwingiliano wa spini na obiti (spini ya elektroni na mwendo wake kuzunguka kiini), chora mikanda ya nishati, yaani nishati ambazo elektroni zinaruhusiwa kuwa nazo, kisha fanya vivyo hivyo kwa PbTe, teluraidi ya risasi. Tazama nukta L, moja ya nukta maalumu kwenye mchoro wa mikanda: kwenye PbTe ukingo wa juu wa mkanda wa valensi (ule uliojaa elektroni) ni wa teluriamu, kwenye SnTe ni wa bati. Mikanda imepinduka. Usipouona mpinduko huo, hakuna cha kutafuta usoni.

Ukiuona, kata kwenye hesabu uso wa (001), ulio sambamba na uso wa mchemraba wa fuwele, unaohifadhi ulinganifu wa kioo (nusu moja ni taswira ya nyingine, kama kwenye kioo cha kujitazama). Tegemea koni nne za Dirac, mahali mikanda miwili inapogusana kwa umbo la koni, karibu na nukta X ya mchoro wala si juu yake. Bamba la atomi unalolikokotoa likiwa jembamba, hali za uso wa juu na wa chini hugusana na pengo la nishati la uongo hutokea kati ya mikanda. Ongeza tabaka uone kama linapungua. Laptopu ikizidiwa, hamia Wannier90 na WannierTools, programu zinazojenga modeli ndogo kutoka hesabu ya ndani na kuitumia kupata uso.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote: sogeza atomi kidogo uvunje ulinganifu wa kioo kimoja. Koni zilizolindwa nacho zitafunguka pengo.

Endesha kazi usiku, joto la mchana huchosha mashine, na weka max_seconds, kikomo cha muda cha Quantum ESPRESSO, ili programu ijifunge vizuri kabla betri haijaisha umeme ukikatika. Ukikwama, ICTP-EAIFR, taasisi ya utafiti iliyoko Kigali, Rwanda, si mbali. Ukiwaandikia watu wa fani hii, ambatisha faili la ingizo na mikanda ya ndani. Picha ya uso peke yake haimsaidii mtu kukushauri.