Maswali ya Wasomaji: Nyongeza Zilizosahaulika za Michezo ya Mezani

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sisi ni vijana watano tunaokutana kila Jumamosi hapa Area C, Dodoma, kucheza Dungeons & Dragons mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wa hadithi, kwa kitabu kimoja cha kanuni na dadu tulizochangiana kununua. Tumechoka kuua majoka mapangoni, na sasa tunataka mchezo uhamie katika nchi inayofanana na yetu. Fedha tuliyo nayo inatosha vitabu viwili tu vya nyongeza. Je, vipo vya zamani vilivyopuuzwa ambavyo vingetufaa kuliko hivi vipya vinavyotajwa na kila mtu? — Msomaji, Area C.

JIBU: Marahaba. Cha kwanza ninachokupendekezea ni Wilderness Survival Guide, alichokiandika Kim Mohan na kuchapishwa na kampuni ya TSR ya Marekani mwaka 1986. Sishangai kwamba wachezaji wengi walikiweka kando, kwa kuwa kimejaa majedwali, na mtu aliyefungua kitabu akitafuta upanga wa uchawi hafurahi kukutana na hesabu za joto, mavazi, uzito wa mizigo na mahitaji ya chakula na maji. Kwa mtu wa Dodoma, hata hivyo, ambaye anajua mvua ikikatika Aprili huenda asiione tena hadi Novemba au Desemba, hesabu hizo ndizo hadithi yenyewe.

Fikirini misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora. Ikiisha kupita Mpwapwa, ilikabiliwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, na wapagazi walilazimika kuivuka kwa mwendo wa haraka wakiwa na maji waliyoyabeba wenyewe. Walipoingia Ugogo walikuta watemi wanaodai hongo, yaani ushuru wa njia, kabla ya kuruhusu msafara kuteka maji na kupita, na mbele yao bado kulikuwa na pori la Mgunda Mkali. Hapo mnayo miezi kadhaa ya mchezo bila joka hata moja. Msiyahamishe majedwali ya kitabu kama yalivyo, maana yalitungwa kwa toleo la kanuni ambalo halilingani na la sasa. Chukueni maswali yake tu: nani amebeba nini, maji yamebaki kiasi gani, na jua limefika wapi. Mimi humwambia kila mchezaji achore vibuyu vyake kwenye karatasi na kufuta kimoja kila yanapokwisha maji. Katika mchezo mmoja niliousimamia, shujaa mwenye nguvu kuliko wenzake wote aliishia kubadilishana ngao yake na kibuyu kimoja, na hakuna aliyekumbuka kurusha dadu kwa muda wa saa nzima.

Cha pili ni Nyambe: African Adventures cha Christopher Dolunt, kilichotolewa na Atlas Games mwaka 2002. Bahati yake mbaya ni kwamba kilitoka wakati ambapo kanuni za Dungeons & Dragons zilikuwa zimefunguliwa kwa wachapishaji wengine tangu mwaka 2000, na maduka yakafurika vitabu hata kizuri kikazama pamoja na kibovu. Kinaeleza bara la kubuni lililojengwa kwa mila na masimulizi ya Kiafrika, ambamo Mwafrika ndiye shujaa, si mpagazi wa shujaa mgeni.

Kisomeni kwa jicho kali lakini. Kinachanganya majina ya makabila yaliyo mbali mno, na msomaji wa Kiswahili atakutana na kitunusi, anayemjua kama jini wa majini, akiwa amegeuzwa jamii nzima ya watu. Wamo pia agogwe, wale watu wafupi wenye manyoya ambao William Hichens, aliyekuwa afisa wa kikoloni Afrika Mashariki, aliandika nchini Uingereza mwaka 1937 kwamba aliwaona kando ya mbuga za Wembere, yaani huku kwetu upande wa Singida. Ningekuwa ninyi ningebaki na agogwe, ila ningewauliza wazee wa Iramba wao husimulia nini kabla ya kuamini maelezo ya kitabu.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini sikuanza na Al-Qadim: Arabian Adventures, kazi ya Jeff Grubb ya mwaka 1992 iliyojengwa kwa masimulizi ya Kiarabu. Ni kitabu kizuri, chenye majini, husuda na Hatima inayoingilia mambo ya watu, na mchawi wake anayeamuru majini anaitwa sha'ir, neno ambalo kwetu limezaa shairi na mshairi. Ningemshauri mtu wa Tanga au Zanzibar aanze nacho. Ninyi wa bara kiacheni kwa sasa.

Kuhusu kuvipata, msihangaike na nakala za karatasi, kwa sababu gharama ya kuzisafirisha kutoka ng'ambo inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Vitabu vingi vya zamani vya TSR vinauzwa kihalali kwa nakala za kielektroniki, na mnaweza kuchapisha kurasa mnazozihitaji katika duka lolote la steshenari mjini. Anzeni na sura inayohusu maji.