Maswali ya Wasomaji: Lililo kichwani na lililo mkononi

Safari hii tumechukua barua tatu kutoka Mwanza. Wanaojibu ni mshauri wetu wa saikolojia na mwanasheria wetu.

Kichwa kinaniambia nimtupe mtoto

*Nina mtoto wa miezi mitatu. Siku moja nikivuka na kivuko cha Kamanga, nimesimama ukingoni nimembeba, ghafla likanijia wazo: mtupe majini. Nilitetemeka mwili mzima. Tangu hapo sivuki tena, visu nimevifungia kabatini, na mtoto akilia namkabidhi mama mkwe. Mume wangu sijathubutu kumwambia. Je, mimi ni muuaji ambaye bado hajaua? – Mama wa Buhongwa*

Hapana, mama. Ulichokieleza kinaitwa mawazo vamizi, na wazazi wengi wenye watoto wachanga huwa nayo ila hawasemi. Mwaka 1978 watafiti Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wa kawaida, wasio wagonjwa, kama huwa wanajiwa na mawazo ya kudhuru au ya aibu wasiyoyataka. Takriban wanane kati ya kumi walisema ndiyo. Mawazo yao yalifanana na ya wagonjwa waliokuwa wakitibiwa kwa kusumbuliwa na mawazo ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba wagonjwa yaliwajia mara nyingi zaidi, yaliwatesa zaidi, na ilikuwa vigumu kuyaacha yapite. Wazo likija bila kuitwa, hukulichagua, na hakuna wa kukudai hesabu yake.

Kinachokuumiza sasa ni yale unayoyafanya ili kulifukuza. Mwaka 1987 huko Marekani, Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele ziliendelea kulia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, aliwajia mara nyingi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Wewe nawe, kila unapoficha kisu au kumtoa mtoto mikononi, hofu inashuka kwa muda, na akili inajifunza kwamba kweli palikuwa na hatari. Kesho yake wazo linarudi na nguvu mpya.

Kabla ya kuanza lolote, jipime kwa haya. Je, wazo hilo limeanza kuonekana sahihi, wala halikutishi tena? Unasikia sauti ikikuamuru? Umepitisha usiku kadhaa bila usingizi na bado mwili hauchoki? Unaamini mtoto amebadilishwa au ana pepo? Likiwepo hata moja, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo: nenda hospitali, Bugando au Sekou Toure, na usiachwe peke yako na mtoto. Na kama una huzuni nzito ya wiki mbili au zaidi, mweleze muuguzi wa kliniki ya mtoto bila kusubiri.

Kama hakuna hata moja, mwombe mtaalamu wa afya ya akili akusimamie kwa njia hii. Andika yote unayoyakwepa, kuanzia jepesi hadi zito. Kwa mfano: kumbeba mtoto jikoni kisu kikiwa mezani, kumwogesha bila mama mkwe kuwepo, kutembea naye ufukweni mkiwa na baba yake, mwisho kabisa kivuko. Anza na jepesi. Wazo likija, sema moyoni, “Hili ni wazo,” uendelee na kazi uliyokuwa nayo. Kaa hapo hapo mpaka hofu ishuke angalau nusu. Mara nyingi huchukua dakika 20 hadi 40. Rudia kila siku mpaka pachoshe, ndipo upande ngazi inayofuata.

Wengi huharibu kwa kukimbia hofu ikiwa juu kabisa, maana hapo wameilisha. Wengine hugeuka kumuuliza mume mara kumi kwa siku, “Unadhani ninaweza kumdhuru?” Jibu lake linatuliza kwa robo saa tu, kisha swali linarudi. Mweleze mume wako mara moja, mkiwa mmetulia, na mkubaliane kwamba ukimuuliza tena atakushika mkono tu. Sala yako endelea nayo kama kawaida, ila usiigeuze kuwa dawa ya kufuta wazo, ukiirudia kila linapokuja.

Tulikubaliana kuuza injini ya tajiri

*Tunavua dagaa Igombe. Tajiri hajatulipa mahesabu ya miezi miwili. Usiku mmoja tukiwa watatu tulipanga kufungua injini tukaiuze, na mimi nilisema sawa. Sasa nimejuta. Hatujagusa kitu. Nina kosa? – Mvuvi*

Ndugu, hasira uliyokuwa nayo peke yako, hata kama kichwani uliiuza injini mara mia, si kosa mahakamani. Lakini ulipotoa neno “sawa” mbele ya wenzako ulishavuka mstari. Watu wawili au zaidi wakikubaliana kutenda kosa la jinai, makubaliano hayo yenyewe ni kula njama, na ni kosa hata spana haijashikwa.

Hatua inayofuata ni jaribio la kutenda kosa. Kifungu cha 380 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataka mambo matatu: nia ya kutenda kosa, kuanza kuitekeleza nia hiyo kwa njia inayofaa, na kitendo cha wazi kinachoionyesha. Kuwaza usiku kucha hakumo. Kulegeza bolti za injini gizani kumo. Na hapa wengi hujidanganya: ukishaanza, kisha ukaacha kwa hiari yako, kifungu hicho hicho kinasema kuacha huko kunatazamwa kwenye adhabu tu. Jaribio linabaki jaribio. Ndiyo maana nakusihi ujitoe leo, kabla mkono wa mtu haujafika kwenye bolti.

Waambie wenzako wote wawili, kwa maneno yanayoeleweka: “Mimi simo.” Usitegemee kujifanya mgonjwa siku ya tukio, maana kwao bado umo. Usiwaazime spana, usiwe mlinzi wao mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, usiwatafutie mnunuzi. Anayesaidia kosa anashtakiwa pamoja na mtendaji. Kama mlipanga kwa simu, ujumbe wako wa kujitoa uandike huko huko.

Deni lenu ni la kweli, nalo lidaiwe kama deni. Andikeni daftarini tarehe mlizotoka ziwani, ndoo za dagaa kila usiku, bei ya siku hiyo mwaloni, gharama za mafuta, na mgawo mliokubaliana. Mpelekeeni tajiri mkiwa na shahidi. Akikataa, nendeni kwa viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wenu. Kama mnahesabika waajiriwa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako madai ya mshahara hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Miezi miwili ni karibu siku 60 hizo, kwa hiyo msilaze. Kama mlikuwa mkigawana mapato bila ajira, ulizeni Mahakama ya Mwanzo.

Anasema shetani alimpitia

*Mume wangu akinywa ananipiga. Asubuhi analia, anasema si yeye, ni pombe na shetani. Nimwamini? – Dada wa Igoma*

Dada, tazama anampiga nani. Akilewa huko baa anampiga mwenye baa? Anampiga bosi wake? Kama ngumi zinasubiri mpaka afike kwako na mlango ufungwe, basi kuna mtu anayechagua, na mtu huyo ni yeye. Sheria nayo haimpi kichaka cha kujificha. Ulevi aliojitakia mwenyewe haumwondolei kosa la kukupiga, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo.

Machozi ya asubuhi yasikulegeze moyo. Anayebeba kosa lake husema, “Nilikupiga,” bila kuweka “lakini” mbele yake, hulipia matibabu, huacha pombe na kukubali kusaidiwa kuiacha, na hakukatazi kuwaambia ndugu zako. Akipigapiga magoti tu, wiki mbili zikapita kwa utulivu, kisha akarudi kunywa, usisubiri mara nyingine. Weka vyeti, kadi ya kliniki ya watoto na nauli kwa mtu unayemwamini. Ukiumizwa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, mwonyeshe daktari kila jeraha, hata la juzi, na hakikisha ameyaandika yote.