Kitendawili hakitenguliwi

SWALI: Kwa nini kwenye vitendawili tunajibu "Tega!", na anayeshindwa anaombwa mji? Halafu mwanangu kafundishwa kwamba anayepata jibu "ametengua kitendawili". Ni sawa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kitendawili ni mtego, ndugu yangu, ndiyo maana hutegwa. Ukinasa, unajikomboa kwa mji. Unampa mtegaji Tanga, naye anatamba jinsi alivyofika huko, akala, akanywa, akakirimiwa, kisha ndipo anakutolea jibu. Mji usipompendeza anaukataa, nawe unapandisha dau hadi Mombasa. Hayo yanatosha, maana kilichonitoa usingizini ni hilo "ametengua".

Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Tega, basi, ni tegua. Askari wa mabomu wanalijua hili kuliko waandishi wetu: wao hutegua bomu. Hawalitengui, kwa kuwa bomu halina barua ya uteuzi.

Kutengua ni kubatilisha. Kutokwa upepo hutengua udhu. Mahakama ya Rufani hutengua hukumu. Rais hutengua uteuzi, na hapo ndipo n hii ilipotuambukiza. Tumezisikia taarifa za utenguzi mpaka ulimi umezoea.

Sasa mtu ananiandikia kichwa cha habari: "Kitendawili cha kocha mpya chatenguliwa." Kumbe kilikuwa kimeteuliwa! Kikaapishwa, kikapewa gari na dereva, kikawa kinachelewa vikao kama wakubwa wengine. Kisha usiku, watu wako mezani, taarifa kwa vyombo vya habari ikatoka: uteuzi wa Mheshimiwa Nyumba-Yangu-Haina-Mlango umetenguliwa kuanzia leo, na atapangiwa kazi nyingine. Nafasi yake itakaimiwa na Kuku-Wangu-Katagia-Miibani. Makabidhiano ya ofisi ni Jumatatu. Na yai, ambalo ndilo jibu lenyewe, hakuna aliyelitaja, wala nanasi halijaulizwa kama liko tayari kwa majukumu mapya.

Niliisoma habari yenyewe hadi mwisho. Jina la kocha halikuwamo. Kwa hiyo hata mtego wenyewe haukuwa umeteguliwa. Mwandishi alikosea neno, kisha akakosea na habari.

Mwambie mwanao aandike "ametegua", na mwalimu akimkata alama, mwambie amwulize kwa adabu: mtego wa panya nao hutenguliwa na nani, na kwa mamlaka ipi?

Wanaosema "kutatua kitendawili" nimewaacha. Kinachotatiza hutatuliwa, na neno hilo halijamjeruhi mtu. Wa "kufumbua" wabaki na mafumbo yao, huko wako nyumbani. Hata "kufungua kitendawili" naweza kuivumilia, siku nikiwa nimeshiba.