Gereji ya Wasomaji: Pikipiki ya spoti ya kwenda nayo kazini

SWALI: Nakaa Kibaha, kazi yangu iko Posta, Dar es Salaam. Kwenda ni kilomita 40 na kurudi vivyo hivyo, siku tano kwa wiki, na Jumapili nampakia mke wangu kwenda kanisani. Fedha niliyonayo inatosha Honda CBR600RR ya 2008 au Kawasaki Ninja 650 ya 2017, zote zimetumika. Nikikopa kidogo naifikia Honda CBR650R ya 2019. Moyo wangu uko kwenye 600RR. Je, nitajuta?
Msomaji, Kibaha

JIBU: Kwa njia hiyo, ndiyo, utajuta. Ndugu yetu, nunua Ninja 650. Kama mkopo hautakubana, nunua CBR650R.

Tusikudanganye kwamba 600RR ni pikipiki mbaya. Ni moja ya pikipiki bora zilizowahi kutengenezwa za ukubwa wake, ila imetengenezwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano. Ina takriban nguvu farasi 120, lakini nguvu hiyo iko juu sana. Uwezo wake mkubwa wa kuvuta, ule mafundi wanaouita toki, unapatikana injini ikikaribia mizunguko 11,000 kwa dakika. Kwenye foleni ya Mbezi Mwisho hadi Ubungo utakuwa kati ya 3,000 na 4,000. Ninja 650 ina nguvu farasi 68 tu, lakini toki yake ya juu kabisa inakuja karibu na mizunguko 6,500, na kiasi chake kinalingana na cha 600RR. Ndiyo maana ukitaka kulipita lori pale Kibamba, Ninja inaondoka bila kushusha gia, wakati 600RR inataka ushushe gia mbili kwanza.

Shida ya pili ni gia ya kwanza. Ya 600RR ni ndefu: peke yake inafika zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ukitambaa kwa kilomita 10 nyuma ya daladala, inakubidi ushikilie klachi nusu muda wote. Sahani za klachi zinaungua, oili inapata moto, na jioni mkono wa kushoto unauma. Wengine hupunguza jino moja kwenye sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta cheni), kutoka 16 hadi 15. Hilo linasaidia kwa karibu asilimia 7, lakini kwenye modeli hiyo sensa ya mwendo iko kwenye gia boksi, kwa hiyo spidimita itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko ule halisi.

Halafu kuna mikono yako. Vishikio vya 600RR vimefungwa chini, moja kwa moja kwenye shokapu za mbele. Ukiwa kilomita 130 kwa saa, upepo unakisukuma kifua na kukubebea uzito. Ukiwa kilomita 30 upepo huo haupo, na uzito wote unakwenda kwenye viganja na shingo. Zidisha hilo kwa kilomita 80 kila siku. Mkeo naye atakalia kipande kidogo cha siti kilicho juu sana, ekzosi ikipita chini yake. Kwa kweli mtu huyo hastahili adhabu hiyo.

CBR650R iko katikati. Ina silinda nne na mlio ule unaoupenda, nguvu farasi kama 95, na vishikio vya chini kidogo lakini vya kuvumilika. Ina uzito wa takriban kilo 208, ambao utausikia ukiisukuma kwa miguu kwenye maegesho. Mafuta nayo inakunywa zaidi: wastani wa kilomita 20 kwa lita moja, Ninja ikifika 23. Tangi zote mbili ni za lita 15 hivi. Kama umewahi kuitamani Yamaha R7, injini yake ni nzuri mno kwa mjini, lakini mkao wake umeinama na tangi lake ni lita 13.

Jambo moja la kujihadhari na Ninja: ekzosi imelala chini ya injini na nafasi hadi ardhini ni milimita 130. Kwenye matuta, funga breki mapema, kisha achia breki ya mbele kabla gurudumu halijapanda. Ukipanda tuta huku umebana breki, shokapu za mbele zinakuwa zimezama, na ekzosi ndiyo itakayogonga.

SWALI: Niko Nairobi, nina urefu wa sentimita 160. Kila pikipiki ya spoti ninayoipanda naning'inia. Fundi ameniambia atanipunguzia urefu kwa milimita 40 kwa kubadilisha vyuma vya shokapu ya nyuma. Nikubali?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Usikubali bado, dada. Kwanza chagua siti iliyo chini kutoka kiwandani. Suzuki SV650 ya kuanzia 2016 ina siti ya milimita 785, Ninja 650 ina 790, CBR650R ina 810, R7 ina 835 na Yamaha R6 ina 850. Namba hizo hazimalizi habari, kwa sababu upana nao una kazi yake. Injini ya silinda mbili ni nyembamba, hivyo mapaja hayatanuki sana na mguu unashuka wima. Nenda kajaribu ukiwa umevaa buti zako za kuendeshea, si raba. Ukiweza kukanyaga mguu wa kushoto wote na wa kulia ukabaki kwenye breki ya nyuma, inatosha. Si lazima miguu yote miwili ilale chini.

Milimita 40 nyuma peke yake ni nyingi. Nyuma ikishuka na mbele ikabaki palepale, shokapu za mbele zinalala zaidi na pikipiki inakuwa nzito kugeuza. Kwa hiyo lazima fundi azipandishe shokapu za mbele ndani ya vibano vyake ili uwiano urudi, na apime kwanza kama gurudumu halitagusa rejeta zikizama kabisa. Stendi ya pembeni nayo itakuwa ndefu kupita kiasi: pikipiki itasimama karibu wima, na upepo kidogo tu au mteremko utaiangusha upande wa kulia. Stendi lazima ikatwe au ibadilishwe. Sisi tusingevuka milimita 20, na tungeanza kwa kupunguza sponji ya siti, ambayo haigusi kitu kingine chochote.

Kwa kuwa uko Nairobi, ujue pia kwamba kwenye mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, na injini yoyote isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu yake. Yenye injekta hujirekebisha kiasi cha mafuta yenyewe. SV650 za 1999 hadi 2002 zina kabureta, kwa hiyo zikiwa zimepangiliwa kwa ajili ya pwani, huko kwenu zitatoa moshi mweusi na kula mafuta hadi fundi abadilishe jeti, vile vitundu vinavyopima mafuta ndani ya kabureta.

SWALI: Nitajuaje kama pikipiki ya 650 iliyotumika ilishawahi kuanguka vibaya? Muuzaji anasema "haijawahi kuguswa".
Msomaji, Arusha

JIBU: Maplastiki hubadilishwa kwa siku moja, kwa hiyo usiyatazame sana. Tazama fremu. Pale shingoni, chini ya stelingi, kuna vidonge vya chuma vinavyozuia stelingi isizunguke kupita kiasi. Vikiwa vimebonyea, vimepasuka au vimechomelewa, pikipiki hiyo iligonga kitu kwa mbele. Achana nayo hata ikiuzwa nusu bei. Hapohapo shingoni linganisha namba ya chasisi na kadi, herufi kwa herufi.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha iguse injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Ukifungua swichi, taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imechomolewa ili kuficha hitilafu. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Iache ikiwa imesimama hadi feni ya rejeta ianze yenyewe, kwani feni iliyokufa ndiyo inayoua injini hizi kwenye foleni. Fungua na kidumu cha maji ya rejeta: yakiwa na rangi ya kutu, mtu aliweka maji ya bomba, na pampu ya maji imeanza kuliwa.

Nenda na multimita, kile kipima umeme, maana mfumo wa chaji ni ugonjwa wa pikipiki nyingi zilizotumika. Betri ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6. Washa, panda hadi mizunguko 5,000, isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki kwenye 12, koili ya chaji au reguleta (kidhibiti cha chaji) imekufa. Ikizidi 15, reguleta haizuii tena na inaichemsha betri.

Mwisho, vuta cheni nyuma katikati ya sproketi kubwa: ukiona nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili ni za kubadilisha, na gharama hiyo itoe kwenye bei. Zungusha stelingi polepole gurudumu la mbele likiwa hewani. Ukisikia kama linaingia kwenye kishimo pale katikati, beringi za stelingi zimekwisha.

SWALI: Mombasa ni joto. Nimeshauriwa nipunguze upepo wa tairi ili zisipasuke. Ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Si kweli, na ni hatari. Tairi yenye upepo mdogo inajikunja zaidi kila inapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakozalisha joto. Pima asubuhi kabla hujatoka, tairi zikiwa baridi. Ninja 650 inataka psi 32 mbele na 36 nyuma, CBR650R inataka 36 na 42. Ukipima mchana baada ya safari namba itakuwa imepanda. Usitoe upepo huo. Tazama pia tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa umri huo umekuwa mgumu na utateleza kwenye mvua ya kwanza, hata kama kashata zake bado zinaonekana mpya.